Kabla ukoo haujachangia roboti ya kutoa uvimbe wa ini

Video ya upasuaji wa roboti ikishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, swali linalofuata ni lile lile: mgonjwa wetu wa Kasulu, Kigoma, ana uvimbe wa saratani kwenye ini, tuchange shilingi ngapi apelekwe nje? Ni swali la upendo, na wenzetu mlioko nyumbani mnastahili jibu la kweli kutoka kwetu tunaoishi huku Uingereza, ambako mashine hizo zipo na zinafanya kazi kila wiki.

Roboti haikati chochote kwa akili yake. Daktari bingwa wa upasuaji anakaa hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukubwa na kwa kina, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali. Mashine ina mikono minne: mmoja umeshika kamera, mitatu vyombo. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ipatikane nafasi ya kufanyia kazi, vinatobolewa vitundu vya milimita 8 hivi, na mikono inafuata vidole vya daktari bila kutetemeka. Mwaka 2001 madaktari waliokaa New York walitoa kibofu cha nyongo cha mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, na tangu hapo wako wanaotumaini bingwa wa Ulaya atampasua mtu aliyelala hospitali ya Maweni, Kigoma, kwa njia ya intaneti. Wasichoambiwa ni kwamba siku ile Strasbourg kulikuwa na timu kamili ya upasuaji kando ya kitanda.

Tena kibofu cha nyongo si ini. Ini hupitiwa na karibu lita moja na nusu ya damu kila dakika, na limegawanyika sehemu nane, kila moja na mishipa yake. Kwanza kipimo cha ultrasaundi kinalazwa juu ya ini lenyewe, uvimbe uchorewe mpaka. Utepe unazungushwa kwenye lango la ini, pale inapoingia mishipa ya damu na kutoka mrija wa nyongo. Unakazwa dakika 15, unalegezwa 5, unakazwa tena. Nyama ya ini inasagwa kidogo kidogo, mishipa midogo inachomwa, mikubwa inabanwa kwa klipu kabla ya kukatwa. Wakati wote huo mtu wa dawa ya usingizi anabana maji ya dripu makusudi, ili vena za ini, mishipa inayorudisha damu moyoni, zisijae. Zikijaa, mpasuko mdogo tu unafurika.

Hapo hapo ndipo hatari inapojificha. Vena isiyojaa ikipasuka, gesi iliyomo tumboni inaweza kuingia ndani yake na kukimbilia moyoni. Dalili ya mapema ni kipimo cha kaboni dayoksaidi katika hewa anayotoa mgonjwa kushuka ghafla, asiyekitazama atachelewa. Damu ikizidi, itabidi tumbo lifunguliwe, na kabla ya hapo mikono ya mashine ichomolewe yote. Timu nzuri hufanya mazoezi ya kuichomoa. Na mashine nyingi zilizopo hazimpi daktari hisia ya mguso, anategemea macho tu kujua kama uzi umekazwa vya kutosha au unakaribia kukatika. Mwishoni kitambaa cheupe kinabandikwa kwenye jeraha la ini na kuachwa kidogo. Kikitoka na doa la njano, nyongo inavuja, na pale panashonwa.

Faida zipo. Kidonda ni kidogo, maumivu ni machache, mtu anarudi nyumbani mapema, na kona za nyuma ya ini, chini ya kiwambo cha pumzi, zinafikika vizuri zaidi. Lakini kuhusu kupona saratani yenyewe, roboti haijaonyesha kuishinda mikono ya bingwa anayefungua tumbo kwa ustadi. Ningependa hilo lisemwe waziwazi kabla ya mtu kuuza shamba.

Kinachotenganisha huku na Kigoma kinaanza mapema mno kuliko chumba cha upasuaji. Huku, mwenye ini lenye makovu, na wengi wenye homa ya ini B ya kudumu, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya ini, huitwa kupimwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6. Uvimbe unakamatwa ukiwa na sentimita mbili au tatu. Nyumbani mtu anatoka Kalya kwa boti tumbo likiwa limeshajaa maji na macho yamekuwa ya manjano, baada ya miezi ya dawa za mizizi. Huyo hata umweke mbele ya mashine tano, hapasuliki. Ini lisilo na makovu likikatwa, angalau robo yake hivi lazima ibaki. Lenye makovu linahitaji kubakiwa na karibu asilimia 40. Kama lililobaki halitoshi, mgonjwa anakufa kwa ini kushindwa kazi huku mshono umekaa vizuri kabisa.

Ndiyo maana naona fedha yetu ya kwanza, sisi wa ughaibuni, iende kwenye kupima homa ya ini B. Tanzania ilianza kuwachanja watoto mwaka 2002, kwa hiyo wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo. Anayekutwa nayo apimwe ini. Dawa za kuzuia virusi zipo. Kisha sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikikutana na homa ya ini B mwilini mwa mtu mmoja, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Kuchemsha hakuiondoi. Anikeni mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo. Kabla ya kuyatia gunia, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni chumvi kavu na konzi ya punje, tikiseni, muiache dakika kumi na tano. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, zisiishie kwenye kinu cha mchuzi wa mtoto.

Na kama michango imeshakusanywa? Basi ulizeni kabla ya kukata tiketi. Siti skani (CT scan) ilipigwa kwa dawa ya mshipani? Uvimbe ni mmoja au mitatu, na umeingia kwenye mshipa mkubwa wa lango la ini? Ini litakalobaki ni asilimia ngapi? Hospitali hiyo inakata maini mangapi kwa mwaka, na kati ya hayo, mangapi kwa roboti? Tumeni picha zenyewe kwenye CD au flashi, maana karatasi ya majibu peke yake haimtoshi bingwa kuamua. Halafu akirudi, nani atampiga picha kila baada ya miezi michache kuangalia kama uvimbe umerudi, na nauli ya Mwanza au Dar itatoka wapi? Hiyo nauli itengwe kabla ya tiketi ya ndege.