Sanamu isichaguliwe kwa bei peke yake

Ninaunga mkono pendekezo la kuweka sanaa katika bustani ya haki za jamii hapa Dodoma, ila wazo la kumpata msanii kwa zabuni ya bei ya chini kabisa linanitia wasiwasi. Mnara wa saruji wa mtaani kwetu ulipatikana hivyo hivyo. Kabla ya mwaka kwisha rangi ilikuwa imebanduka kwa jua na vumbi, na sasa mama lishe anaanikia vitambaa vyake juu yake, wala simlaumu.

Njia ya misafara ya watumwa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilipita Mpwapwa, mkoani mwetu, kwa hiyo mada tunayo. Wahusika wakazitazame sanamu za kumbukumbu ya watumwa huko Mkunazini, Zanzibar: watu watano shimoni, shingoni wamefungwa minyororo halisi, na mtazamaji huelewa kabla hajasoma neno lolote. Wasanii walipwe kwanza kutengeneza vielelezo vidogo, vionyeshwe Nyerere Square ili wananchi wavijadili, na mkataba utaje atakayegharamia ukarabati. Kuhusu malighafi, mawe ya matale (graniti) yametuzunguka.