Kondoo Hakurogwa, Kafungwa Pabaya

Kaskazi moja kali, majani yote yamekauka, kondoo wa mjomba wangu huko Micheweni, Pemba, aliacha kula. Siku ya tatu masikio yakavimba na pua ikaanza kubambuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Tukasema jua. Jirani akasema jicho la husuda, maana kondoo alikuwa amenona na analelewa kwa Idi ya kuchinja. Mtu akenda kutafuta kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani.

Bwana mifugo alipofika hakushughulika na pua. Alimfunua kope: weupe wa jicho umekuwa manjano kama bizari. Akauliza, "Mwamfunga wapi?"

Tulimfunga ukingoni mwa maweni, penye lantana, kile kichaka cha vimaua vya manjano na vyekundu. Sumu ya majani yake huanzia kwenye ini. Mnyama akila majani yoyote ya kijani, tumboni hutokea kitu ambacho ini lenye afya hukitoa pamoja na nyongo. Ini likiharibika, kitu kile hubaki katika damu mpaka kikafika kwenye ngozi, na jua likikipiga, ngozi huungua. Ndiyo maana huanza puani, masikioni na kwenye kope, hasa palipo peupe na nywele haba. Kwa hiyo jua tulilolilaumu lilikuwamo kweli, ila lilikuja mwisho.

Watu husema kondoo mjinga, hula chochote. Mimi sikubali. Kondoo aliye huru, mwenye majani mengine, kwa kawaida huipita lantana. Sisi tulimpa kamba ya hatua nne, na kwa siku mbili alikuwa ameshalinyoa duara lake lote. Kilichobaki kijani ni kile kichaka. Aliyemchagulia chakula nani?

Muhogo nao ni hivyo hivyo, ila wenyewe hauna subira. Mnyama akifungwa penye majani mabichi ya muhogo mchungu, au akimwagiwa maganda, sianidi hutoka upesi tumboni mwa wanyama wanaocheua, na anaweza kuanguka muda huo huo. Watu humuwahi kisu, kisha wakashangaa damu ilivyo nyekundu kupita kiasi: hewa imo ndani yake, mwili umeshindwa kuitumia. Hapo hata wa kombe hapati nafasi ya kutia udhu. Majani yakikatwakatwa na kuanikwa sumu hupungua, lakini nani wetu huanika?

Yule wa mjomba alifungiwa bandani, haoni jua, wiki tatu nzima. Alipona, ila ncha za masikio zilikatika, na mjomba akaona hafai tena kwa udhiya, akanunua mwengine. Yule aliyepona yupo hadi leo, hufungwa chini ya mwembe, na kigingi chake huhamishwa asubuhi na alasiri.