Tasnifu Ituonyeshe Kilichokosekana

Msimu wa kutetea tasnifu umefika, na sentensi ile ile imerudi nao: "Madodoso 300 yaligawiwa na yote 300 yalirejeshwa, sawa na asilimia 100." Utaikuta katika tasnifu za saikolojia ya familia, za elimu, za biashara. Mtahini anaipita bila kuinua kalamu. Mimi inanikera sana, kwa sababu yeyote aliyewahi kubisha hodi nyumba 300 za Buguruni, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, anajua jambo hilo halitokei. Kuna milango iliyofungwa. Kuna baba aliyesema rudi kesho, na kesho yake akawa safarini. Kuna mama aliyekubali vizuri kabisa, akafika swali la kumi na mbili, mtoto akalia, mahojiano yakaishia hapo. Hao wote wameenda wapi?

Swali hilo haliwahusu watu wa madodoso peke yao. Chukua fani tatu ambazo ni nadra kukaa meza moja: ugavi wa kijeshi, ikolojia ya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini) na saikolojia ya familia. Zote zina mifano mikubwa hapa kwetu Afrika Mashariki, na katika zote tatu mtafiti wa uzamili au uzamivu hupimwa zaidi kwa namna alivyohesabu kile ambacho hakukipata.

Tuanze na Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Mwanafunzi anayeandika kuhusu kampeni ya Afrika Mashariki hukimbilia vikosi na bunduki, kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa vizuri kwenye majalada. Lakini mbung'o waliwamaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Wapagazi walioandikishwa pande zote wanakadiriwa kufika milioni moja. Huwezi kuielewa vita ile bila kukaa chini na kufanya hesabu ya unga.

Hesabu yenyewe ni hii. Mpe mpagazi mzigo wa kilo 25, na posho ya kilo moja kwa siku. Anakula akienda na anakula akirudi, na chakula chake kinatoka kwenye mzigo huo huo. Kikosi kilicho mbele kina watu 600, nao wanahitaji kilo 600 kila siku. Kikiwa mwendo wa siku 5 kutoka bohari, kila mpagazi anafikisha kilo 15. Basi wanatakiwa wafike 40 kila siku, na kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ni siku 10, lazima wawe 400 njiani wakati wote. Kisogeze kikosi hadi mwendo wa siku 10: mpagazi anafikisha kilo 5 tu, wanatakiwa 120 kila siku, na njiani wawe 2,400. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka mara sita. Ukifika siku 12, anafikisha kilo moja, na unahitaji watu 14,400 kulisha wale 600. Siku ya kumi na mbili na nusu, mzigo wote umeliwa njiani.

Hapo hatujaweka risasi hata moja. Hatujaweka mgonjwa, ambaye mzigo wake unabaki chini na yeye mwenyewe anahitaji wenzake wanne wa kumbeba kwa machela kwa kupokezana. Hatujaweka unga uliolowa masika, wala siku ambayo mto umefurika na wapagazi wamekaa ng'ambo wakila kile walichotumwa kukipeleka. Kila moja ya hayo hubadilisha namba, na mtafiti wa ugavi anatakiwa ayaweke kwenye kielelezo chake moja baada ya jingine, aonyeshe kila mara namba imepanda kwa kiasi gani. Ndipo msomaji ataona kwa nini vijiji viliendelea kutolewa vijana hadi vikabaki na wazee.

Sasa wale waliopotea. Makadirio ya vifo vya wapagazi upande wa Waingereza yanaanzia makumi ya maelfu na kupita laki moja, kutegemea anayehesabu na mahali anapoweka mstari. Aliyekufa kambini aliandikwa. Aliyeachishwa kazi akiwa anaharisha, akafia njiani kurudi kwao, mara nyingi hakuandikwa popote. Wengi waliugua kwa sababu ya chakula chenyewe: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka kwa kuni haba, wakapewa watu ambao kwao walikulia ndizi. Mwanafunzi anayechukua jumla ya jalada moja na kuiweka kwenye jedwali kama ukweli kamili amewaacha watu hao porini kwa mara ya pili. Kazi inayostahili shahada ni kuweka orodha tatu sambamba, ya uandikishaji, ya mishahara na ya hospitali, kisha kufuatilia kila jina lililomo kwenye ya kwanza na halimo kwenye ya pili. Mishahara ya wapagazi ambayo haikuchukuliwa na mtu ilizua mvutano kwa miaka baada ya vita, na makaratasi ya mvutano huo ni chanzo kizuri kuliko taarifa ya jenerali yeyote. Jina moja utalikuta kwa tahajia tatu. Weka zote tatu na uandike ni kwa kigezo gani umesema ni mtu mmoja.

Wapagazi kama hao ndio walioibeba pia Tendaguru, machimbo ya visukuku, miaka michache kabla ya vita. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba huko Lindi zaidi ya tani 200 za mifupa, kwa sehemu kubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na nyapara mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilisafiri hadi bandarini kichwani na mabegani. Mjusi yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin, dinosaria aitwaye Giraffatitan, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na macho ya kila mtu yameganda kwake. Lakini anayetaka ikolojia, yaani nani aliishi na nani, nani alimla nani, mvua ilikuwa kiasi gani, anamhitaji pia mamalia mdogo ambaye jino lake unalitafuta kwa darubini, na Tendaguru wamo. Msafara uliokwenda kutafuta mapaja marefu kuliko mtu huleta picha ya nchi iliyokaliwa na majitu matupu.

Ndiyo maana napigia debe sana kazi ya mtaalamu wa visukuku Anna Behrensmeyer ya Amboseli, iliyochapishwa 1978. Alitembea juu ya mifupa ya wanyama waliokufa karibuni na kuigawa katika hatua za kuchakaa, kuanzia sifuri hadi 5. Hatua ya sifuri mfupa ni mzima na bado una mafuta. Ya kwanza una nyufa zinazofuata urefu wake. Ya pili ngozi ya juu inabanduka. Ya tatu umekuwa na nyuzi nyuzi, mkwaruzo unausikia kwa kidole. Ya nne vibanzi vinaanguka ukiuinua. Ya tano unavunjikia pale pale ulipolala. Mifupa mingi juu ya ardhi hupotea kabisa ndani ya miaka 10 hadi 15, na ya wanyama walio chini ya kilo 100, pamoja na ya watoto, huchakaa haraka kuliko ya wakubwa. Maana yake swala na dikidiki wameshapunjwa kabla mchanga haujafika kuwafunika. Mwanafunzi anayehesabu vipande 60 vya nyati na 4 vya dikidiki, akaandika kwamba nyati walikuwa wengi mara 15, ameandika habari za jua na mvua akidhani anaandika habari za wanyama.

Kwa hiyo tasnifu ya visukuku itueleze tundu za chekeche zilikuwa na upana gani. Chekeche la milimita 5 linapitisha meno ya panya karibu yote, na panya ndio wanaotueleza majani na unyevu kuliko tembo. Pitisha kwenye la milimita 1. Andika lita za udongo uliouchekecha kutoka kila tabaka, la sivyo matabaka hayalinganishiki. Vile vipande visivyotambulika vihesabiwe na vipimwe uzito, visimwagwe. Tena panya wengi kwenye tabaka moja huenda walitapikwa na bundi, kwa hiyo walio mbele yako ni wale ambao bundi aliwaweza. Itazame mifupa hiyo, utaona alama za tindikali ya tumbo kwenye meno.

Na sasa nirudi nyumbani kwa watu, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mwaka 1967 vilitoka vitabu viwili. Kimoja ni toleo la pili la kitabu cha takwimu cha Taro Yamane, chenye kanuni ya kupata idadi ya watu wa kuhojiwa ambayo kila mwanafunzi wa kwetu anaijua: gawa idadi ya watu wote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa, yaani kiasi cha kukosea unachokubali. Watu 1,200, kosa la 0.05, unapata 300. Kingine ni cha mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefanya utafiti vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Alifuatilia watoto 28 wa mama 26, akienda kila nyumba karibu kila wiki mbili kwa saa mbili hivi, kwa miezi kadhaa. Aliwagawa hivi: 16 wamejishikiza kwa mama kwa utulivu, 7 kwa wasiwasi, 5 bado hawajajishikiza. Msingi wa nusu ya kile tunachofundisha leo kuhusu mtoto na mlezi ulianzia hapo, Buganda, kwa watoto 28. Tumechukua kanuni ya Yamane, na uvumilivu wa Ainsworth tumeuacha.

Kanuni yenyewe haina kosa. Kosa ni kuitumia mahali ambapo masharti yake hayapo. Inadai kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, peke yake. Wewe umekwenda mitaa 30, ukachukua kaya 10 kila mtaa. Kaya za mtaa mmoja zinafanana: kodi ile ile, shule ile ile, kelele zile zile. Ufanano huo, kwa kipimo cha sifuri hadi 1, ukiwa 0.1 tu, unachukua kaya 10 za mtaa, unatoa moja, unazidisha 9 kwa 0.1, unajumlisha 1, unapata 1.9. Gawanya 300 kwa 1.9: una taarifa sawa na za kaya 158 zisizofanana hivyo. Ukiwahoji mume na mke wa nyumba moja na kuwahesabu kama watu wawili wasiojuana, hali ni mbaya zaidi.

Kisha inakuja tabia inayozalisha ile asilimia 100. Mlango umefungwa, msaidizi wa utafiti anagonga wa jirani. Jirani anajaza. Jioni dodoso zimetimia, na hakuna alama yoyote kwamba kaya namba 47 haikuwa kaya namba 47. Fikiria ni nyumba gani hukutwa zimefungwa saa nne asubuhi: ya mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza maandazi, ya mlinzi anayelala mchana, ya wanandoa waliogombana na mmoja akarudi kwao. Nyumba inayofunguka ni ile yenye mtu mwenye nafasi. Halafu matokeo yanasema mawasiliano ndani ya familia ni mazuri kwa kiwango kikubwa. Hata yasingekuwa mazuri, mlango ungeyachuja.

Na dodoso lenyewe linauliza "mlezi mkuu" likiwa na kisanduku kimoja, mama. Mtoto amebebwa mchana kutwa na dada wa miaka tisa, usiku analala na bibi, mama yuko Muscat anafanya kazi za ndani na anapiga simu ya video kila jioni kuuliza kama mtoto amekula. Huyo mama yupo au hayupo? Amua kabla ya kwenda uwandani, na uandike uamuzi wako. Amua pia kaya ni nini: wanaokula chungu kimoja, au waliolala hapo jana usiku? Ni orodha mbili tofauti, na baba wengi wamo kwenye moja tu.

Utaratibu si mgumu. Orodhesha kaya 375 ukitaka kupata 300, na usibadilishe hata moja. Kila kaya iwe na mstari wake daftarini: tarehe, saa, aliyefungua mlango, na matokeo, kama amekamilisha, ameishia njiani, amekataa, hakupatikana, amehama. Rudi mara tatu kabla ya kukata tamaa, mara moja iwe baada ya magharibi na mara moja Jumamosi au Jumapili. Ukipata 262, sema 262 kati ya 375, asilimia 70. Halafu linganisha waliopatikana na waliokosekana kwa mambo unayoweza kuyajua bila kuingia ndani: mtaa, aina ya nyumba, idadi ya watu kwa taarifa ya balozi wa nyumba kumi. Hiyo asilimia 70 ina thamani kuliko mia zote mnazotuletea.

Nakubali kuna magumu. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) kinachukua muda, barua za serikali ya mtaa zinachukua mwingine, msimamizi ana wanafunzi kuliko uwezo wake, na nauli ya kurudi mara tatu inatoka mfukoni. Hayo ni sababu ya kupunguza mitaa kutoka 30 hadi 15. Hayahalalishi kubuni kaya.

Watahini nao wana sehemu yao, na ni ndogo tu. Kabla hamjafungua sura ya nne, ile ya matokeo, ombeni daftari la ziara, mfungue ukurasa wowote, mwoneshe mtahiniwa mstari mmoja na mumwulize nyumba hii ilikuwaje. Mwanahistoria wa wapagazi aulizwe jina alilolikosa kwenye orodha ya mishahara. Wa visukuku aulizwe kilo za vipande visivyotambulika ziko kabati gani. Aliyefanya kazi atajibu hapo hapo, tena atawachelewesha chakula cha mchana kwa maelezo.