Gemu za kupigana bado zinanawiri? Tazama kwanza mashine iliyo mezani

Ukiingia vibanda vya PlayStation vya Githurai, Umoja au Kayole, mara nyingi utakuta skrini karibu zote zimeshikwa na kandanda, na moja pale pembeni ina Tekken 7 au Mortal Kombat 11. Gemu hizo mbili zilifika kwenye konsoli 2017 na 2019. Warithi wake, Tekken 8 ya Januari 2024 na Mortal Kombat 1 ya Septemba 2023, hawaonekani sana mtaani. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama aina hii ya gemu bado inanawiri anaweza kupewa majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yakawa ya kweli.

Wanaosema inanawiri wana hoja nzito. Street Fighter 6 ilitoka tarehe 2 Juni 2023, na ndani ya miaka miwili ikawa imeuza zaidi ya nakala milioni 4. Tekken 8 ilifikisha milioni 3 kwa takriban mwaka mmoja. Agosti 2023, mashindano ya Evo kule Las Vegas yalisajili wachezaji 7,061 katika Street Fighter 6 peke yake, rekodi kwa gemu ya kupigana inayochezwa ana kwa ana. Februari 2024 bingwa wa Capcom Cup, mashindano makuu ya Capcom, kampuni inayotengeneza Street Fighter, aliondoka na dola milioni 1. Ukitaka kujua ukame wa kweli ulikuwaje, rudi nyuma: baada ya Street Fighter III: 3rd Strike ya 1999, Street Fighter mpya yenye namba haikuonekana hadi 2008. Vijana wa leo hawajawahi kungoja hivyo.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Katika Evo, idadi ya Street Fighter 6 ilishuka hadi elfu 5 na ushee mwaka 2024, kisha elfu 4 na ushee mwaka 2025. MultiVersus, gemu nyingine ya kupigana iliyozinduliwa rasmi tarehe 28 Mei 2024, ilifungwa tarehe 30 Mei 2025. Mwezi huohuo watengenezaji wa Mortal Kombat 1 walitangaza kwamba haitaongezewa wapiganaji wengine, chini ya miaka miwili tangu itoke, ilhali Mortal Kombat 11 iliuza zaidi ya nakala milioni 15. Tekken 8 nayo ilijiumiza yenyewe. Masasisho ya Aprili 2025 yaliongeza nguvu ya mashambulizi na kumlazimisha anayejilinda abahatishe kila mara. Wachezaji wakalijaza Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, maoni mabaya, na kampuni ikalazimika kutoa marekebisho ya haraka.

Tukiwekewa mizani, hoja ya Evo kushuka haina uzito inaopewa. Mwaka wa kwanza wa gemu huvuta kila mtu, hata yule anayekuja kupoteza mechi mbili na kwenda zake kutalii. Kinachofaa kulinganishwa ni gemu zilizo na umri mmoja. Street Fighter V ilitoka Februari 2016, ikapata zaidi ya wachezaji 5,000 katika Evo ya mwaka huo. Ilipofika kiangazi chake cha tatu, 2018, ilikuwa na takriban 2,500. Street Fighter 6 katika kiangazi chake cha tatu bado ilikuwa juu ya 4,000. Hiyo ni gemu inayoshikilia watu wake.

Hoja inayotutia wasiwasi ni ya pesa. Zawadi nono za sasa zinategemea sana Saudi Arabia, kupitia Esports World Cup ya Riyadh. Hata SNK, kampuni yenye gemu za Fatal Fury na The King of Fighters, inamilikiwa kwa sehemu kubwa na wakfu wa Misk wa nchi hiyohiyo. Mfadhili mmoja akibadili nia, kalenda ya wachezaji wa kulipwa inapwaya. Lakini hilo ni tatizo la kileleni, na mchezaji wa Nairobi anaumia mapema zaidi: kwenye waya, kwenye skrini na kwenye padi.

Tuanze na waya. Gemu hizi huenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, hivyo fremu moja ni takriban milisekunde 16.7. Zamani mtandao ulipochelewa, gemu nzima ilisubiri, ikawa kama mnapigana ndani ya maji. Mfumo wa rolbeki, ulioenezwa na programu ya GGPO na ambao sasa umo katika Street Fighter 6, Tekken 8 na Guilty Gear Strive, hausubiri: hukisia mpinzani atafanya nini, na ukikosea hurudisha mchezo nyuma fremu chache na kusahihisha. Huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba aina hii ya gemu imepona, maana wawili waliokuwa wakihitaji kukaa kwenye benchi moja sasa mmoja anaweza kuwa Lang'ata na mwingine Thika, wakacheza kama wako chumba kimoja.

Ila rolbeki haifuti umbali. Mechi za Street Fighter 6 huunganisha mchezaji na mchezaji moja kwa moja, kwa hiyo mkiwa wote Nairobi kwenye intaneti ya faiba, pingi, yaani milisekunde za data kwenda na kurudi, huwa ndogo na hakuna wa kulalamika. Ukipewa mpinzani wa Ulaya, data inateremka Mombasa, inapita baharini na kurudi, na pingi mara nyingi huwa kati ya 130 na 180. Tuseme ni 150. Pigo la Drive Impact huchukua fremu 26 kabla ya kutua, yaani milisekunde 433. Safari ya upande mmoja inakula 75, na zinabaki kama 358. Jicho na kidole cha mtu mwepesi vinahitaji 200 hadi 250 kuitikia jambo asilolitarajia. TV isiyowekwa katika hali ya gemu inaweza kula nyingine 50 au zaidi, na konsoli yenyewe ina fremu zake chache. Ukijumlisha, hakuna kilichobaki. Mchezaji anapigwa pigo aliloliona, kisha anajiona hafai, kumbe hesabu ilikuwa imemshinda kabla hajabonyeza kitufe.

Sehemu ya hasara hiyo inaondolewa bila senti. Ingia mipangilio ya TV, washa hali ya gemu kwenye tundu la HDMI lenye konsoli, na uzime vichujio vya kulainisha picha. Kwenye baadhi ya TV za zamani, kuipa HDMI hiyo jina la PC hufanya kazi ileile. Kisha achana na waifai na uchomeke kebo ya mtandao, kwa sababu pingi inayorukaruka kati ya 20 na 90 ni mbaya kuliko inayotulia kwenye 80. Anayetumia bando la simu ana shida nyingine: kampuni nyingi za simu hugawia wateja wengi namba moja ya nje, na konsoli mbili hushindwa kufikiana. Fanya jaribio la intaneti kwenye PlayStation. Likikuonyesha NAT aina ya 3, yaani muunganisho uliobanwa, usilaumu gemu kwa kukosa wapinzani. Na kuna siku lawama iko baharini kabisa, kama Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa Afrika na intaneti ya Kenya ikazorota.

Sasa mashine, na hapa ndipo tunapodhani jibu la Nairobi linapatikana. Tekken 8 na Mortal Kombat 1 hazikutengenezwa kwa PS4. Tekken 8 inataka PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nafasi ya GB 100 na kadi nzuri ya picha. Mwenye kibanda anayekusanya hela ya mechi mojamoja hana sababu ya kununua PS5 ili skrini moja ya pembeni ipate Tekken mpya, ilhali PS4 za mitumba zimejaa madukani na kandanda bado inachezeka humo. Kwa hiyo Tekken 7, iliyouza zaidi ya nakala milioni 12 duniani, inaendelea kutawala mtaani. Shida ni kwamba yale inayofundisha hayahamii yote kwenye Tekken 8, ambako mfumo wa Heat, unaompa mchezaji nguvu ya ziada kwa muda, umebadilisha hesabu za kushambulia. Kijana anakuwa bingwa wa gemu ambayo mashindano makubwa yameiacha.

Street Fighter 6 ni tofauti. Inachezeka kwenye PS4, mechi zikienda fremu 60, na inakutanisha mchezaji wa PS4 na wa PS5, Xbox au kompyuta. Kwa mji wenye PS4 nyingi kama huu, huo ni mlango uliokuwa wazi tangu siku ya kwanza, na inasikitisha kwamba ni wachache walioupita. Sababu moja ni mazoea: Tekken ilikita mizizi hapa tangu PlayStation ya kwanza, na anayeijua haoni kwa nini aanze upya. Sababu nyingine ni bei. Gemu kamili huuzwa kwa dola 60 inapotoka, halafu wapiganaji wanne wapya wa kila mwaka hulipiwa kando. Kwa bajeti ya mwanafunzi hilo ni zito. Njia ya kati ni kusubiri punguzo la bei, ambalo huja mara kadhaa kwa mwaka, na kuanza na wapiganaji 18 wa mwanzo. Ryu, Ken na JP wamo humo na wanatosha kushindania.

Wapo wanaobisha kwamba vijana hawana subira ya kujifunza. Hatukubaliani. Street Fighter 6 ina udhibiti wa Modern, ambapo pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja, likikatwa asilimia 20 ya nguvu yake. Wakongwe waliupinga, lakini umewaingiza watu ambao wangekwama kwenye kuzungusha robo duara ili kutoa pigo la Hadoken. Tena hapa unatatua tatizo ambalo Capcom huenda hawakulifikiria: padi bandia. Padi nyingi zinazouzwa bei rahisi katikati ya jiji ni nakala za DualShock 4, na msalaba wake wa vitufe hukosea pembe. Ingia chumba cha mazoezi, washa onyesho la vitufe, bonyeza chini mara 20 kisha zungusha robo duara polepole. Mshale wa pembe ukirukwa, au ukiona mshale wa juu usiouomba, hiyo padi itakurusha hewani siku ya fainali.

Kuna nchi moja inayowaumbua wote wanaotabiri kifo kwa kuangalia mauzo. Pakistan haikuwa na soko kubwa wala seva za jirani. Ilikuwa na vibanda ambamo watu walikutana ana kwa ana kila siku. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore akashinda Tekken katika Evo Japan, na Agosti mwaka huohuo akashinda Evo ya Las Vegas. Tangu hapo ameshinda tena Las Vegas 2023, 2024 na 2025, na Atif Butt wa hukohuko akawa bingwa wa dunia wa Tekken 7. Nairobi imeshawahi kutoa jina pia: Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni ya UYU kwa kucheza Tekken. Kipaji kipo. Kinachokosekana ni mazoezi mazito ya kila wiki dhidi ya watu wanaokuzidi.

Na mazoezi hayo hayahitaji ukumbi wa kifahari. Chukua wachezaji 32, mtindo wa kutolewa baada ya kupoteza mara mbili. Zitachezwa seti 62, au 63 iwapo fainali itarudiwa. Seti ya kushinda mechi mbili huchukua kama dakika 10. Ukiwa na PS4 nne, seti 52 za mwanzo zinakwisha kwa dakika 130. Wanane wa mwisho wanabakiza seti 10 au 11 kwenye skrini moja, za kushinda mechi tatu, dakika 15 kila moja. Ukianza saa nne asubuhi, saa tisa bingwa amepatikana, mradi watu wafike kwa wakati.

Yanayoharibu siku hiyo yanajulikana. La kwanza ni padi isiyo na waya iliyobaki imeunganishwa na konsoli: mwenyewe yuko nje anakula smokie, anabonyeza kitufe cha katikati, na mechi ya wenzake inasimama. Nenda kwenye mipangilio ya vifaa, chagua padi ziwasiliane kwa kebo ya USB, na kila anayemaliza azime yake. La pili ni anayekuja na padi ya PS5, ambayo haikubali kwenye PS4 bila kibadilishi. Mjulishe wakati wa kujisajili, si akiwa ameshaketi. La tatu ni stima. PS4 Slim na TV ya inchi 32 kwa pamoja havitumii zaidi ya wati 150 au hivi, kwa hiyo UPS ya kawaida ya VA 1000 inaweza kubeba meza mbili kwa dakika chache, muda wa kutosha kumaliza mechi iliyokuwa ikiendelea.

Tunavyoona, basi, aina hii ya gemu ina afya kuliko wakati wowote tangu miaka ya tisini, na bado inaweza kuipita Nairobi. Street Fighter 6 inaendelea kuongezewa wapiganaji, na toleo la PS4 linayapata masasisho hayo pamoja na mengine. Lakini PS4 ilitoka 2013, na ni vigumu kuamini kwamba Street Fighter itakayofuata itaibeba. Vibanda vyenye PS4 nne leo vina miaka michache ya kulea kizazi kinachocheza gemu ileile inayochezwa Las Vegas na Tokyo, kwa vifaa vilivyokwisha kulipiwa.