Mdaiwa Sugu wa Sado Mbili

Mchana mimi ni karani wa mikopo katika chama kimoja cha akiba hapa Mwanza, na jioni ni muuza dagaa ninaowanunua Mwaloni Kirumba, jambo ambalo meneja hakulijua na mimi sikuona haraka ya kumjulisha. Kazi zote mbili zilikuwa na akaunti katika mtandao mmoja wa kijamii, nami nilizifungua katika kivinjari kimoja cha kompyuta ya ofisi, nikiamini kwamba vichupo (tabs) viwili ni sawa na vyumba viwili.

Kumbe sivyo. Tovuti humtambua mtu kwa vidakuzi (cookies), vile vijisehemu vya data vilivyobuniwa katika kampuni ya Netscape mwaka 1994, na kivinjari huviweka vyote vya tovuti hiyo katika chungu kimoja. Asubuhi nilikuwa nimefungua akaunti ya ofisi. Saa sita mteja akauliza bei ya sado, nami katika kichupo cha pili nikaiacha akaunti ya ofisi na kuingia kwa akaunti ya dagaa. Kichupo cha kwanza kikaendelea kuonyesha nembo ya chama kama saa iliyokufa ukutani, ilhali kidakuzi kilichobaki chunguni kilikuwa cha muuza dagaa. Hapo ndipo nilipobandika, katika kichupo hicho cha kwanza, tangazo: "Kwa wadaiwa sugu: atakayeshindwa kulipa ndani ya siku 7, jina lake litawekwa ubaoni na mdhamini wake ataitwa."

Ukurasa wangu wa dagaa ulikuwa na mdaiwa mmoja tu, mama mkwe wangu wa Sengerema, aliyechukua sado mbili kwa ahadi ya kulipa akishauza mpunga. Mdhamini wake, kwa hesabu za haki, alikuwa mke wangu.

Siku ya nne Mama alivuka kwa feri ya Kamanga na kuingia ofisini akiwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Afisa."

Siku zote huniita baba. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akazinyoosha noti kwa kiganja moja baada ya nyingine, kisha akadai stakabadhi yenye mhuri ili jina lake lisiwekwe ubaoni. Meneja akasogea kwa heshima na kumuuliza analipa mkopo upi.

"Wa dagaa," alijibu Mama.

Baada ya maelezo marefu ambayo sitayarudia hapa, nilijaribu dirisha la faragha, nikagundua kwamba madirisha ya faragha nayo huchangia chungu kimoja. Sasa natumia kiendelezi cha kontena za kivinjari cha Firefox, kilichotolewa mwaka 2017, ambapo kila kontena ina chungu chake na rangi yake: ofisi ni bluu, dagaa ni rangi ya chungwa. Ila historia na alamisho hubaki za pamoja, hivyo juzi nilipoanza kuandika anwani ya ofisi, waliotangulia kujitokeza walikuwa dagaa, na meneja aliyesimama nyuma yangu akauliza kama sado imepanda bei.