Nyutro mteremkoni, petroli gani unayookoa?

Mwezi uliopita nilipewa lifti kutoka Iringa kurudi Dar. Tulipoanza kushuka Kitonga, mwenye gari, mtu mzima ninayemheshimu, akatoa gia ya gari lake la oto kwenye D, ya kwenda mbele, akaweka N, yaani nyutro. "Hapa, mdogo wangu, tunatembea bure." Malori yalikuwa yanashuka kwa gia nzito, yakinguruma. Sisi kimya, kama baiskeli. Nikashika mlango.

Kwa adabu sikusema kitu, ila hapa nasema: hatukutembea bure. Gari lake ni la EFI, yaani kompyuta ndiyo inayopima petroli ya kuingia kwenye injini, kama Toyota IST na mengi tunayoagiza Japani. Ukishuka ukiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli zinazopulizia petroli na magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini imebaki peke yake, kwa hiyo nozeli zinafunguka isije ikazima. Anayebana matumizi ndiye anayechoma petroli! Enzi za kabureta, isiyo na kompyuta, hoja hiyo ilikuwa na miguu.

Breki sitazisema sana. Zikibebeshwa mlima mzima peke yake zinachemka, na zikichemka unakanyaga hazishiki. Wale madereva wa malori si wajinga.

Kinachoniuma ni giaboksi. Mteremko ulipoisha akarudisha D tukiwa bado spidi 80, gari likashtuka. Upande mmoja magurudumu yanazunguka kwa kasi, upande wa pili injini imelala. Pleti za klachi mle ndani ndizo zinazopatanisha, kwa kusuguana. Hazifi siku hiyo, ndiyo maana watu hawaamini. Oili iliyokuwa nyekundu kama juisi ya rozela inageuka kahawia, inanuka kuungua, na asubuhi moja unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Lawama zote kwa fundi aliyebadilisha oili.

Nami si msafi. Kwa miaka nilikuwa natia R ya kurudi nyuma getini gari bado linasogea mbele, na P ya kuegesha kabla halijasimama. P ni kijino tu cha chuma kinachochomekwa kwenye gia, nami nilikuwa nakiambia kizuie gari la zaidi ya kilo 1,000 lililo kwenye mwendo. Mke wangu ndiye aliyeuliza hiyo krakrakra ya kila jioni ni ya nini. Sasa nakanyaga breki, gari likitulia kabisa ndipo nagusa gia. Ni sekunde mbili. Na mlimani, kwenye gari la oto la zamani, zile gia nzito, 2 na L, chini ya D hazikuwekwa kwa urembo.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu. Mzee akanionyesha mshale wa mafuta, anatabasamu: "Umeona? Haujasogea."

Hata kwenye D usingesogea. Nikainama, nikaendelea kuchagua vitunguu.