Kampala na Dar: mkopeshaji mmoja, ila hatuongei

Sisi Watanzania tunaoishi Kampala tuna tabia moja: bodaboda akipanda tu njia ya waenda kwa miguu, tunaanza kuisifu Dar na mabasi yake yenye njia yao wenyewe. Mwendokasi, mwendokasi! Hata mimi nimo. Lakini ukiangalia vizuri, hii miji miwili inaumwa maradhi yaleyale, inatibiwa na daktari yuleyule, na bado kila mmoja anaficha cheti chake.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 566 kwa Kampala na majirani zake, kina Wakiso, Mukono na Entebbe. Mwaka huohuo ikaidhinisha dola milioni 200 za bonde la Msimbazi kule kwetu. Sizikatai hizo fedha, maana hakuna jiji kwetu linaloweza kujijengea mitaro ya ukubwa ule kwa kodi ya vibanda vya sokoni.

Ila nenda Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, wakati wa mvua. Vizingiti vya milango vimejengwa kwa tofali hadi usawa wa goti, friji ya dukani imepandishwa juu ya matofali, na anayekaanga chapati amesimama juu ya ubao. Mtaro upo hapohapo, umejaa mchanga na chupa za plastiki. Mkopo hujenga mtaro. Kuuzibua kila mwezi ni kazi ya bajeti ya jiji, na huko hakuna utepe wa kukata wala kamera.

Dar tungekuwa na la kuwaambia. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na karakana yake tukaiweka Jangwani, ndani kabisa ya bonde la mafuriko la Msimbazi. Maji yakayafuata mabasi humo humo. Leo mradi wa Msimbazi, wa mkopeshaji yuleyule, una kazi ya kuihamisha karakana ileile. Yaani tunakopa kurekebisha tulichokopea! Kampala nayo, iliyojengwa kati ya vilima na vinamasi, imekuwa na mpango wa mwendokasi kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka 10. Karakana wataiweka wapi?

Na wao wana la kutuambia, tena chungu. Jaa lao la taka la Kiteezi lilifunguliwa 1996, likajaa, malori yakaendelea kumwaga hadi tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka ulipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sisi tuna jaa letu la Pugu Kinyamwezi.

Ningekuwa na sauti kwenye hiyo mikopo, ningedai fungu dogo la nauli za basi. Mhandisi wa Kampala akapige kambi Jangwani masika nzima, wa Dar aje Kiteezi na Bwaise. Mkalimani asilipwe mtu kutoka Ulaya. Sisi wa Kariakoo tunaofunga mizigo Kikuubo, soko la jumla la Kampala, tupo, na bei yetu inazungumzika.